Hoja ya Bi. Dufresne

Lindby, Minnesota
14 Oktoba 1958

Mdogo wangu Agnete,

Huku tu wazima, ukiacha goti la Arne, ambalo siku hizi linajua mvua kuliko redio. Viazi tumevitoa vyote kabla ya barafu. Mpwa wako Karin amejifungua mtoto wa tatu, msichana tena, na mumewe anajikaza kufurahi. Jumamosi nilipika mikate ya lefse, nikaunguza mbili za kwanza kama kawaida yangu. Wewe je? Mvua za Seattle zimekuachia kifua?

Sasa nije kwenye linalonikera. Klabu yetu ya bustani imepata mgeni. Anaitwa Maxine Dufresne, mke wa meneja mpya wa kiwanda cha siagi, wametoka Saint Paul. Vikao vitatu, kofia tatu. Kikao cha kwanza alikaa nyuma akasikiliza. Cha pili akasimama mara nne. Mara nne, Agnete, kwenye mjadala wa maua ya tulipu! Tena anaongea polepole, sauti laini, na kila mtu amemkodolea macho, hata makamu wangu Petra Rundhaug, ambaye mimi nikisoma taarifa husinzia waziwazi. Akimaliza wanacheka. Mimi nimekalia kiti hiki miaka saba, tangu Mama afariki, na siku pekee waliyocheka ni siku mguu wa kiti ulipovunjika.

Si wivu. Nataka utaratibu tu. Wewe ndiye unayefundisha kanuni za mikutano, na nasikia unajibu maswali ya wasomaji kwenye lile jarida la vilabu vya akina mama. (Silisomi, wala usinitumie.) Basi nijibu na mimi: mwenyekiti anaweza kujifanya hajamwona mtu aliyenyoosha mkono?

Dada yako,
Thora

*

Seattle
2 Novemba 1958

Dada Thora,

Nakuamkia wewe na shemeji Arne na goti lake. Mpe Karin pongezi. Kifurushi chenye soksi za mtoto kinakuja nyuma ya barua hii. Kifua changu kizima. Chuoni tumepata mashine mpya ishirini za kupigia chapa, na wasichana wanazipiga kama wana ugomvi nazo.

Kuhusu swali lako: hapana. Mwenyekiti haruhusiwi kujifanya kipofu. Mwanachama yeyote akiomba nafasi kwa wakati wake, kiti kinampa. Lakini usihuzunike, kanuni zina dawa yako. Katika hoja moja, kwa siku moja, mwanachama anasema mara mbili tu, kila mara dakika kumi. Na ya pili hapewi ikiwa yupo ambaye hajasema hata ya kwanza na anataka kusema. Kwa hiyo hizo mara nne zilikuwa kosa, na kosa ni la kiti, dada, si la kofia.

Halafu mwambie kila mtu aseme na kiti, si na mwenzake, na aseme juu ya hoja, si juu ya mtu. Ukishika hayo mawili umeshika mkutano.

Umesema si wivu. Basi sawa.

Agnete

*

Lindby
21 Januari 1959

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu. Krismasi ilipita na wajukuu wote wana mafua, tukala samaki tukiwa tumejifunika mablanketi. Soksi zimemkaa mtoto vizuri. Theluji imefika kwenye vioo vya dirisha la jikoni. Arne anakusalimu.

Ile kanuni ya mara mbili niliitumia Novemba, ikafanya kazi. Desemba pia. Januari yule mwanamke akaleta hoja. Keti kwanza. Anataka klabu ing'oe vichaka vya maua ya urujuani vya Mama pale mlangoni mwa maktaba, na ngazi za mawe zivunjwe, patengenezwe njia ya mteremko kwa watu wa viti vya magurudumu. Vichaka vya Mama! Vilivyo na kibao chenye jina lake!

Nikagonga nyundo. Nikasema: "Kiti kinaamua kuwa hoja hii haifai kujadiliwa. Kumbukumbu za marehemu si kazi ya klabu."

Akasimama. "Bi. Mwenyekiti, kwa heshima zote, nakata rufaa dhidi ya uamuzi wa kiti."

"Kaa chini, Bi. Dufresne. Kiti hakijakuruhusu."

"Kiti hakijaniruhusu, au Bi. Tveit hataki?"

Wakacheka. Wakacheka, Agnete, ndani ya ukumbi ambao Mama aliuongoza miaka ishirini na moja! Na kabla sijapata neno, Petra, makamu wangu mwenyewe, akasema, "Naunga mkono rufaa." Sikujua kama jambo hilo lipo duniani. Maxine alijua hata namba ya ukurasa wa kitabu cha kanuni. Tukapiga kura: kumi na mmoja dhidi yangu, kumi upande wangu. Nikakumbuka maneno yako ya zamani kwamba mwenyekiti naye ni mwanachama. Nikapiga ya kwangu. Kumi na moja kwa kumi na moja, na kura zikilingana, uamuzi wa kiti unasimama. Yeye mwenyewe ndiye aliyenithibitishia, anatabasamu!

Nimeshinda. Lakini baada ya kikao keki yake iliisha, na yangu nikarudi nayo nyumbani nusu. Inga Moen peke yake ndiye aliyekaa na mimi, akanywa kahawa, akaniambia, "Thora, leo kahawa yako kama ina chumvi." Sukari ilikuwa sukari. Nilionja.

Niambie nilifanya sawa.

Thora

*

Seattle
9 Februari 1959

Dada,

Nimefurahi kuwa wajukuu wamepona. Hapa mvua tu.

Kura ulihesabu sawa. Uamuzi haukuwa sawa. Klabu ndiyo iliyopanda vichaka vile, basi klabu inaweza kujadili kuving'oa. Hoja usiyoipenda si hoja batili. Kuwazuia wanachama wasiijadili kabisa ni kuwanyang'anya haki yao, na haki hiyo hata wanachama wenyewe hawawezi kunyang'anyana kwa urahisi: kufunga mjadala kunahitaji theluthi mbili za kura. Wewe ulifanya peke yako kwa kugonga nyundo. Anaweza kuileta tena kikao kijacho, na ningekuwa yeye ningeileta.

Kuhusu vichaka vyenyewe, sina la kusema.

Agnete

*

Lindby
16 Machi 1959

Agnete,

Hatujambo. Arne hajambo. Sitaandika mengi ya salamu, utanisamehe.

Jumanne iliyopita Maxine aliileta tena hoja yake. Tukaipangia mkutano mkuu wa Mei. Mimi sikupinga, nilifuata ulichoniambia. Baada ya kikao alifungua mkoba kutafuta glavu, akatoa barua akaiweka mezani, mbele ya kikombe changu. Wino wa kijani. Imekunjwa mara tatu, ncha moja imepinda ndani, kama mtu mmoja tu ninayemjua anavyokunja.

Nikamuuliza, "Umeandikiwa na nani?"

Akasema, bila hata kupepesa, "Na yule bwana wa jaridani, A. Espeland. Ananisaidia sana. Nilimwandikia Septemba, na tangu hapo ananijibu kurasa nne nne. Laiti ungeona anavyoeleza!"

Kurasa nne. Mimi dada yako ninapata moja na robo, nimepima. Mimi ninaambiwa "sina la kusema". Yeye anaelezwa rufaa, na namba ya ukurasa anatajiwa.

Sikumwambia wewe ni nani. Anadhani wewe ni mwanamume mwenye ndevu. Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Arne akaniuliza, "Kuna nini, mama?" Nikamwambia glavu. Hakuelewa.

Nieleze. Ulikuwa unamfundisha kunipiga huku unanifundisha kujikinga? Mlicheka? Ulimwambia nilivyokuwa na kigugumizi shuleni? Nilidhani kuna kitu kimoja duniani ambacho ni changu peke yangu, nacho ni kwamba nikikwama, nina mdogo wangu wa kumwandikia. Kumbe tunagawana, na fungu kubwa anapewa yeye.

Thora

*

Seattle
20 Aprili 1959

Dada Thora,

Barua hii nimeichana mara mbili. Mti wa cheri mbele ya chuo umechanua, naandika nikiuangalia.

Bi. Dufresne aliniandikia kama wengine wanavyoandika. Napata barua nyingi kila mwezi, sitazami zimetoka wapi. Nilimjibu kama ninavyomjibu yeyote. Sijamwambia neno juu yako. Tena sijamwambia nina ndevu.

Umelalamika kwamba nilikuambia sina la kusema juu ya vichaka. Ninalo. Nimelikalia miaka ishirini.

Mei ya 1939, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, nilisimama katika kikao cha klabu, Mama akiwa kitini, nikapendekeza tupande urujuani mbele ya maktaba. Bi. Moen, mama yake Inga, akaunga mkono. Nikaanza kueleza. Nilikuwa nimeandaa mchoro. Sikumaliza dakika mbili, wewe ukasimama bila kupewa nafasi ukasema, "Tufunge mjadala, tuna kahawa inapoa." Wakacheka. Mama akasema, "Hakuna pingamizi? Hakuna." Nyundo. Kura haikupigwa, theluthi mbili haikuhesabiwa. Mimi nilibaki nimesimama, mkono juu, mchoro mkononi, na Mama akatazama juu ya kichwa changu, akaita jambo linalofuata. Wewe ulinitazama, kisha ukatazama kikombe.

Mwaka uliofuata Mama alipanda urujuani mbele ya maktaba. Pale pale nilipochora. Kibao kikaandikwa jina lake. Nikiwa nimeshapanda treni.

Ndiyo sababu nilijifunza kanuni, Thora. Watu hudhani napenda kanuni. Nilitaka kujua kama siku ile nilionewa au nilikuwa mpumbavu tu. Nilionewa. Iko kitabuni.

Fanyeni mtakalo na vichaka. Ila ukitaka kuvitetea, usivitetee ukiwa kitini. Mwenyekiti anayetaka kuchangia anampisha makamu, anakaa na wenzake, na harudi kitini mpaka hoja ipigiwe kura.

Agnete

*

Lindby
18 Mei 1959

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma ghalani, nimekaa juu ya ndoo. Sikujibu kwa sababu sikujua niandike nini, na bado sijui, kwa hiyo nitakueleza mkutano ulivyokwenda.

Tulikuwa ishirini na wanne. Hoja ilipofika nilimkabidhi Petra nyundo. Aliishika kama samaki aliye hai. Mimi nikaenda kukaa safu ya pili, pembeni ya jiko. Nilikuwa sijawahi kuuona ukumbi kutokea huko. Kiti kinaonekana mbali.

Maxine alisema kwanza. Alisema vizuri, siwezi kukataa, ila alizungumza zaidi juu ya miji mingine na maendeleo, na kina mama wa mashambani hawapendi kuambiwa Saint Paul wanafanyaje. Nikaona anawapoteza. Nilifurahi hadi masikio yakaniwaka.

Nikaomba nafasi. Nilikuwa na kurasa tatu. Nikasoma, "Mama yangu alipopanda vichaka hivi," nikakwama. Petra akasema, "Endelea, Bi. Tveit, bado una dakika tisa." Nikaweka karatasi chini. Nikasema:

"Bi. Mwenyekiti, nimeanza na uongo. Vichaka vile ni wazo la mdogo wangu Agnete. Alilileta hapa mwaka wa thelathini na tisa, na mimi ndiye niliyemkatiza. Mama yangu akavipanda baadaye, na sisi tuliokuwepo tukanyamaza. Mdogo wangu aliondoka mjini bila kumaliza sentensi yake. Ninaomba visiguswe, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee alichokisema hapa ambacho bado kipo."

Nikakaa. Bi. Sather alitoa leso. Hapo nilikuwa nimeshinda, Agnete. Mwenyekiti wa miaka mingi huijua hewa ya ukumbi. Inga naye akaijua, maana aliruka, "Napendekeza tufunge mjadala, tupige kura sasa hivi!" Akanikonyeza.

Petra akaomba wanaokubali wasimame. Nikageuka kuhesabu. Na pale nyuma, chini ya ndoano za makoti, nikaona mkono juu. Gudrun Aasen. Unamkumbuka? Mke wa Nils. Ana miaka kumi na tisa kwenye klabu na hajawahi kusema zaidi ya "nipo". Mkono wenyewe ulikuwa umefika usawa wa sikio tu.

Waliosimama walikuwa kumi na watano. Petra hakupiga kura, kwa hiyo theluthi mbili yetu ilikuwa kumi na sita. Inga akaninong'oneza, "Simama, Thora! Simama basi, mwanamke, umelala?"

Sikusimama. Usidhani ni wema. Nilitaka kusimama, hata nilishashika kiti cha mbele yangu. Lakini nilishindwa kuacha kuuangalia ule mkono.

"Mjadala unaendelea," akasema Petra. "Bi. Aasen, una nafasi."

Gudrun alisema hivi, na nimeyaandika kama yalivyo:

"Mimi si msemaji. Nils yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu apatwe na kiharusi, mnajua. Anapenda vitabu. Ninamwacha ndani ya gari, ninaingia maktaba, ninamchagulia kitabu. Ninatoka nacho, anasema hiki nilishasoma. Narudi. Natoka na kingine, hicho pia. Wiki iliyopita nilipanda zile ngazi mara sita. Mara ya sita akaniambia, 'Basi, mama, twende nyumbani, nitasoma kile cha zamani.' Hataki kunichosha. Maua ni mazuri. Tunayaona vizuri kutoka garini. Ni hayo tu."

Hakumaliza hata dakika mbili. Kura ilikuwa kumi na tatu kwa kumi. Vichaka vinang'olewa Jumatatu ijayo. Mimi nilipiga ya hapana, ujue hivyo, na nilishindwa.

Maxine akanifuata kwenye kahawa. Akasema, "Ulinipa ushindi, Bi. Tveit." Nikamwambia, "Sikukupa wewe." Akasema, "Najua." Kisha akauliza kama huyo Agnete, maana kibaoni pia pameandikwa Espeland, ndiye A. Espeland, na uso ukamwiva mwekundu hadi kofia. Hiyo peke yake ilinilipa miezi minane.

Nilikukosea mwaka ule. Kahawa haikuwa inapoa. Nilikuona umesimama na mchoro wako, wote wanakusikiliza wewe, Mama ameinama mbele akikusikiliza, nami sikustahimili.

Thora

*

Seattle
6 Juni 1959

Dada Thora,

Shemeji Arne hajambo? Mimi sijambo. Sikulala vizuri, ila si ugonjwa.

Nilikuandikia kwamba sitazami barua zinatoka wapi. Ni uongo. Bahasha ya kwanza ya Bi. Dufresne ilikuwa na muhuri wa posta ya Lindby, na ndani kulikuwa na jina lako: "mwenyekiti wetu Bi. Tveit hapendi kupingwa." Nilijua kabla sijashika kalamu. Ndiyo sababu ya kurasa nne. Kila nilichomfundisha nilimfundisha nikikuona wewe kitini, na nyundo ya Mama mkononi mwako. Niliitaka nyundo ile, Thora. Nilikaa miaka ishirini nikijisifu kwamba mimi ni mtu wa haki, na kumbe nilikuwa natafuta mtu mwenye kofia wa kwenda kukuangusha kwa niaba yangu.

Naye hakukuangusha. Ulipisha mwenyewe. Nimesoma barua yako, na wivu wangu sasa ni huu: ulikuwepo ukamsikia Gudrun, na mimi sikuwepo.

Bi. Dufresne ameniandikia kuomba radhi kwa kuniita bwana, na amenialika nifikie kwake Julai. Nifanye nini?

Agnete

*

Lindby
15 Juni 1959

Agnete,

Arne hajambo, Karin hajambo, wote hawajambo.

Barua yako ilinikasirisha siku mbili. Siku ya tatu nilijikuta nacheka jikoni peke yangu. Mungu anisamehe, lakini wivu wako umenifurahisha. Nilidhani katika familia ile mwenye ugonjwa huo ni mimi tu.

Na mimi nina langu, na nikishaliandika sina tena kitu cha kukuficha. Mwaka ule Mama alipokuwa kitandani, nilimuuguza miezi minane. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimsuka nywele. Wiki sita za mwisho, kila nilipoingia na uji, alifumbua macho akasema, "Agnete, umerudi?" Kila asubuhi. Mwanzoni nilimwambia, "Ni Thora, Mama." Uso wake ulikuwa unasawijika. Basi nikaacha kumsahihisha. Nikawa naitikia, "Ndiyo, Mama, nimerudi," naye anakula mpaka anamaliza bakuli.

Ulipokuja mazishini ukaniuliza kama alikutaja, nikakujibu, "Hakusema mengi." Uliondoka na jibu hilo kwenye treni. Nilikuwa nimebaki na nyundo, na nyumba, na kibao, na hata hicho nilikunyima.

Alikutaja. Kila siku, hadi ya mwisho.

Mwambie Maxine una dada. Treni ya tarehe nane Julai inaingia saa nne asubuhi, nitakuwa stesheni.

Thora